KADI ZA MITAMBO ZILIZOACHA KUTENGENEZWA: NAMNA YA KUZINUNUA NA KUZIBADILISHA

Matini ya mazungumzo kwa mafundi wa mitambo, watunza ghala na maofisa wa ununuzi



Mwezi wa Mei 2002 gazeti la New York Times liliarifu kuwa Shirika la Anga la Marekani, NASA, lilikuwa likitafuta vipuri vikuukuu kwa njia ya intaneti, hata katika minada. Kilichotafutwa hasa kilikuwa chipu ya Intel 8086, iliyoanza kuuzwa mwaka 1978, ambayo ilihitajika katika vyombo vya kupimia maroketi yanayosukuma chombo cha anga cha Space Shuttle. Kiwandani ilikuwa haipatikani tena. Ikafikia hadi ya kununuliwa vifaa vya hospitali vilivyopitwa na wakati, vikafunguliwa, na chipu hizo zikachomolewa na kuwekwa akiba. Taasisi yenye kupeleka watu angani ilisimama katika foleni moja na fundi wa kiwanda cha barafu anayeitafutia kadi mashine yake.

Khabari hiyo inaonyesha kuwa jambo hili halitokani na umasikini wala uzembe peke yake. Asili yake ni kuwa mtambo na kadi zake hazizeeki kwa mwendo mmoja. Pampu, mota, tangi na bomba huweza kufanya kazi miaka 30 au 40 zikitunzwa. Kadi ya elektroniki inayoziamrisha imeundwa kwa chipu ambazo watengenezaji wake hulitazama zaidi soko la kompyuta na simu, na soko hilo halina subira. Chipu moja ikiachwa kutengenezwa, kadi nzima huwa yatima. Na kadi ikiwa yatima, pampu nzima huwa mashakani ingawa chuma chake hakina kasoro.

Kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 mitambo iliamrishwa na makabati yaliyojaa rilei. Kila mabadiliko ya kazi yalidai waya kufunguliwa na kufungwa upya. Mwaka 1968 kampuni ya magari ya General Motors ya Marekani ilitaka kifaa kimoja cha elektroniki cha kushika nafasi ya makabati hayo, na mwaka uliofuata kikapatikana kidhibiti kilichoitwa Modicon 084. Nambari hiyo ilitokana na kuwa huo ulikuwa mradi wa 84 wa kampuni ya Bedford Associates iliyokibuni. Vidhibiti vya namna hiyo ndivyo ambavyo leo mafundi huviita PLC. Ndani yake mna kadi ya umeme, kadi ya ubongo yenye programu, kadi za kupokea ishara kutoka kwenye swichi na vipimo, na kadi za kutoa amri kwenda kwenye kontakta na vali.

Walioleta mitambo miaka ya 1980 na 1990 aghlabu waliletewa mojawapo ya aina zilizotamba wakati huo. Kampuni ya Siemens ya Ujerumani ilitoa SIMATIC S5 mwaka 1979. Allen-Bradley ya Marekani ilitoa PLC-5 mwaka 1986. S5 imekwisha kuondoka sokoni, na PLC-5 ilikoma mwezi wa Juni 2017. Hata S7-300, iliyoingia katikati ya miaka ya 1990 na ambayo mafundi wengi bado wanaihesabu kuwa ya kisasa, mtengenezaji wake aliiingiza katika hatua ya kuondolewa mwezi wa Oktoba 2023. Kwa hivyo mtambo uliofungwa mwaka 2005, ambao rangi yake bado inang'aa, huenda tayari umo katika orodha hii bila ya mwenyewe kujua.

Kadi haifi ghafla sokoni. Mtengenezaji hutangaza mapema kwamba itakoma. Huweka tarehe ya mwisho ya kupokea oda. Kisha kwa miaka kadhaa huuza kwa ajili ya vipuri tu au hutengeneza zilizoharibika. Baadaye hufunga mlango. Mnunuzi mwenye kufuatilia matangazo hayo hununua kadi mpya, ndani ya boksi lake, kwa bei ya kiwandani na kwa dhamana kamili. Asiyefuatilia hununua kadi hiyo hiyo baada ya miaka mitano kutoka kwa mtu asiyemjua, imetumika, na aghlabu kwa bei kubwa kuliko ilipokuwa mpya. Shirika la kimataifa la viwango vya umeme, IEC, limeandika kiwango maalumu kuhusu kusimamia vifaa vinavyopitwa na wakati, nambari 62402, kilichotolewa mwaka 2007 na kupitiwa upya mwaka 2019. Si lazima kila kituo kiwe nacho. Ni lazima kila kituo kijue kilicho ndani ya makabati yake.

Na hapo ndipo kazi inapoanzia. Fundi afungue kabati, achukue daftari, na aandike nambari ya kila kadi kama ilivyo, hadi tarakimu ya mwisho. Kadi za S5 nambari zake huanza na 6ES5 na za S7 huanza na 6ES7, lakini mwanzo huo hautoshi hata kidogo. Ni mkia wa nambari unaotofautisha kadi ya volti 24 za umeme wa moja kwa moja na ile ya volti 230 za umeme geu. Kadi za Allen-Bradley huwa na herufi ya toleo baada ya nambari, na matoleo mawili ya nambari moja huenda yasikubali mpango mmoja wa swichi. Kila kadi ipigwe picha mbele na nyuma, na picha nyingine ya karibu ya swichi ndogondogo na vibanio vilivyo juu yake. Picha hizo zihifadhiwe mahali pawili. Oda nyingi zilizoleta kadi isiyofaa hazikukosewa na muuzaji. Zilikosewa na karatasi iliyotoka kituoni ikiwa na maneno "kadi ya PLC, moja".

Jambo la pili ni programu. Kadi ya ubongo inaponunuliwa huja tupu, au huja na programu ya kiwanda cha watu wengine. Katika vidhibiti vingi vya zamani programu hukaa kwenye kumbukumbu inayohifadhiwa na betri ndogo ya lithiamu. Betri ikimalizika na umeme ukakatika, programu hufutika, na mtambo uliokuwa mzima jana unakuwa sanduku. Msiba huu huja bila ya kadi yoyote kuharibika. Wengine wameuleta kwa mikono yao: wamezima umeme kwanza kwa nia njema ya usalama, kisha wakaitoa betri. Vidhibiti vingi hutaka betri ibadilishwe huku kidhibiti kikiwa na umeme, na kitabu chake ndicho chenye kauli. Vingine huhifadhi programu katika chipu ya EPROM, yenye kidirisha cha kioo juu yake. Kidirisha hicho hufunikwa kwa karatasi ya gundi kwa sababu miale ya jua yenye urujuanimno hufuta kilichomo. Karatasi hiyo isibanduliwe kwa udadisi. Chipu ya aina hiyo huweza kuhamishwa kutoka kadi iliyokufa kwenda kadi mpya, nayo ni amana kubwa kuliko kadi yenyewe.

Kwa hiyo nakala ya programu itolewe sasa, mtambo ukiwa hai. Aghlabu itahitajika kompyuta ya zamani yenye programu ya zamani na waya wake maalumu, na kuvipata ni taabu. Lakini taabu hiyo huwa ndogo wakati maji yanatoka bombani. Wakaazi wa Unguja hawahitaji kuelezwa maana ya kusubiri. Mwaka 2008 kisiwa kilikaa bila ya umeme wa Bara kwa takriban mwezi mmoja, na tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010 kwa takriban miezi mitatu. Hizo zilikuwa hitilafu za njia ya umeme, wala si za kadi. Hata hivyo kisima kilichosimama ni kisima kilichosimama, na mama mwenye ndoo haulizi kilichoharibika ni waya wa baharini au chipu ya ukubwa wa kucha.

Sasa kuhusu kununua. Mlango wa kwanza kubishwa ni wa mtengenezaji au wakala wake aliyeidhinishwa, hata kwa kadi iliyokwisha kukomeshwa, kwa kuwa huenda bado anatengeneza zilizoharibika au anabadilishana: hupokea iliyokufa na hutoa iliyofanyiwa matengenezo. Mlango wa pili ni wa karakana zinazojishughulisha na ukarabati wa kadi. Kuipeleka kadi ya kituo chenyewe ikatengenezwe mara nyingi ni salama kuliko kununua ya mtu mwingine, maana asili yake inajulikana na swichi zake tayari zimepangwa. Mlango wa tatu ni wa wauzaji wa masazo, na humo ndimo mlimo kila kitu: kadi mpya isiyowahi kufunguliwa iliyosahaulika ghalani, kadi iliyotolewa katika kiwanda kilichovunjwa, kadi iliyopanguswa vumbi tu, na kadi ya uongo.

Maneno ya wauzaji hawa yanahitaji kusomwa kama hati ya deni. "Mpya ya masazo" maana yake haijatumika, lakini huenda ina umri wa miaka 25. "Iliyokarabatiwa" yafaa iwe na orodha ya vilivyobadilishwa. "Iliyojaribiwa" ni neno lisilo na uzito mpaka ielezwe imejaribiwa vipi: je, iliwashwa taa tu, au ilichomekwa katika kidhibiti cha aina yake, kila njia ya kuingiza na kutoa ikapimwa ikiwa na mzigo kwa saa kadhaa? Muuzaji mkweli hujibu suali hilo kwa maandishi na kwa picha ya kadi yenyewe, yenye nambari yake ya pekee. Mwenye kutuma picha iliyochukuliwa kwenye katalogi ameshajibu.

Kuhusu vifaa vya uongo, khatari yake si hadithi. Kamati ya Seneti ya Marekani inayoshughulikia majeshi ilitoa ripoti mwaka 2012 baada ya kuchunguza vipuri vya elektroniki vilivyoingia katika silaha za nchi hiyo. Iligundua takriban kesi 1,800 za vipuri vilivyotiliwa shaka, na jumla ya vipuri vyenyewe ilizidi milioni moja. Sehemu kubwa ya vile ambavyo njia yake ilifuatiliwa ilitokea China. Kwa miaka mingi katika mji wa Guiyu, jimbo la Guangdong, takataka za elektroniki kutoka nchi mbalimbali zilipashwa moto ili chipu zitoke. Chipu za namna hiyo hukwanguliwa maandishi, hupakwa rangi nyeusi na hupigwa chapa mpya. Iliyokuwa ya mwaka 1996 huwa ya mwaka 2010. Iliyokuwa ya kazi nyepesi huwa ya kazi nzito. Ikiwa majeshi ya Marekani, pamoja na maabara zao, yalipitiwa, seuze ghala la kituo cha pampu.

Zipo dalili ambazo jicho la fundi linaweza kuziona. Juu ya chipu nyingi mna tarakimu nne za tarehe: mbili za mwaka na mbili za wiki, kwa mfano 9432 ni wiki ya 32 ya mwaka 1994. Chipu yenye tarehe ya baada ya kiwanda kuacha kuitengeneza haina maelezo mema. Chipu kadhaa za aina moja zenye tarehe moja lakini maandishi ya sura tofauti ni dalili nyingine; hali kadhalika mikwaruzo ya mstari mmoja juu ya mgongo wa chipu, au miguu yenye lehemu ya pili juu ya ya kwanza. Pamba iliyochovywa kidogo katika asetoni ikipanguswa juu ya maandishi na ikatoka nyeusi, yafaa kusimamisha malipo na kuuliza zaidi. Usafi wa asetoni haumtoi muuzaji shakani moja kwa moja, kwani wenye hila wamekwisha kujifunza rangi zisizotoka.

Hapa maofisa wa ununuzi wana neno lao, nalo ni la haki. Wanasema kuwa kanuni zinawataka walinganishe bei na wamchague wa chini, na kwamba mkaguzi atawauliza wao, hatamuuliza fundi. Jawabu ni kuwa bei hulinganishwa baina ya vitu vinavyolingana. Nukuu tatu za bei, moja ya kadi mpya, moja ya iliyokarabatiwa na moja ya iliyookotwa, ni nukuu za vitu vitatu. Ombi la bei likieleza nambari kamili, toleo, hali inayokubalika, namna ya majaribio, muda wa dhamana na haki ya kurudisha, hapo wa chini anaweza kuchaguliwa bila ya hofu. Yale maneno "au inayolingana nayo", ambayo huwekwa ili wauzaji washindane, yanafaa katika ununuzi wa meza na rangi. Katika kipuri cha kidhibiti yanaleta kadi isiyoingia kwenye tundu lake. Sababu ya kutaja aina moja pekee iandikwe na fundi, itiwe saini, na iwekwe katika jalada kabla ya oda kutoka. Jalada likiwa na maelezo hayo, mkaguzi anapata pa kusimama na ofisa anapata pa kujikinga. Malipo yote ya awali kwa muuzaji asiyejulikana yaepukwe kadiri inavyowezekana, na sehemu ibakishwe mpaka kadi ijaribiwe katika mtambo.

Kadi ikifika isiende rafuni kusubiri siku ya msiba. Dhamana nyingi huhesabiwa tangu siku ya kusafirishwa, na kadi iliyogunduliwa kuwa mbovu baada ya miaka miwili haina wa kulalamikiwa. Ijaribiwe wakati mtambo umepumzishwa, ikionekana nzima irudishwe kwenye mfuko wake maalumu wa kuzuia umeme tuli, na tarehe ya jaribio iandikwe juu ya mfuko.

Ghala nalo lina taathira. Ndani ya kadi, hasa ya umeme, mna kapasita zenye elektrolaiti, na hizo ndizo zinazokufa mapema. Kanuni inayofuatwa na wahandisi ni kuwa kila joto likiongezeka nyuzi 10 za Selsiasi, umri wa kapasita hizo hupungua takriban nusu. Ghala lenye paa la bati lisilo na dari, wakati wa kaskazi, linakula vipuri kimya kimya. Kapasita iliyokaa miaka mingi bila ya umeme pia hudhoofika, kwa hiyo kadi za umeme za akiba ziwashwe mara kwa mara kwa utaratibu uliowekwa. Upepo wa bahari huleta chumvi, na chumvi ikikutana na unyevu wa masika hula miguu ya chipu na nyuzi za shaba zilizo juu ya kadi. Kabati la kidhibiti lifungwe sawasawa, na tundu zisizotumika za kupitishia waya zizibwe. Mlango ulioachwa wazi ili "mashine ipate hewa" hupoza kwa mwezi mmoja na kuharibu kwa miaka kumi. Kinachotakiwa ni kuisafisha feni na kichujio chake.

Kuhusu kubadilisha kadi, maneno ni machache. Umeme wote ukatwe, pamoja na ule unaotoka nje kwenye waya za ishara, na kibao kitundikwe kwenye swichi. Kadi ichomolewe mtambo ukiwa na umeme pale tu ambapo kitabu cha mtengenezaji kimeruhusu waziwazi. Fundi avae mshipi wa mkononi uliounganishwa na ardhi, kwa sababu umeme tuli wa mwilini, hata ule asiouhisi, hutosha kuiua chipu au kuijeruhi ikafa baada ya wiki tatu, na lawama ikamwangukia muuzaji. Waya zitiwe alama kabla ya kufunguliwa, swichi za kadi mpya zipangwe kwa kufuata picha, na betri iangaliwe. Kisha, kabla ya kuurejesha umeme wa mota, fyuzi za kontakta zitolewe na amri zipimwe zikiwa tupu: taa ya pampu namba moja iwake pale inapotakiwa pampu namba moja. Kadi iliyopangwa kimakosa huweza kufungua vali ambayo kuna mtu ameegemea bomba lake.

Ziko nyakati ambapo kuendelea kutafuta kadi ni kupoteza fedha. Kituo kikiwa kimebakiwa na kadi moja ya akiba kwa kila aina, au kikiwa hakina mtu anayeifahamu programu yake, bajeti ya kidhibiti kipya ianze kuandaliwa wakati ule ule. Baadhi ya watengenezaji huuza viungio vinavyopokea vichwa vya waya za zamani bila ya kuzifungua moja moja, jambo linalopunguza muda wa mtambo kusimama. Kazi ngumu hubaki kuwa ni kuielewa programu ya zamani, ambamo aghlabu mna mistari iliyoongezwa na fundi aliyekwisha kustaafu. Fundi huyo akiwa hai, aitwe akae na vijana na aeleze. Na kadi zilizotolewa katika kabati la zamani zisigawiwe wala kutupwa: zikiwa nzima ni vipuri vya kituo kingine chenye mtambo wa aina hiyo.

Kadi iliyokufa nayo isitupwe mara moja. Ihifadhiwe mpaka ile mpya imefanya kazi miezi kadhaa, kwani huenda ikahitajika kurudishwa kwa mkarabati, au chipu yake ya programu ikahitajika kusomwa tena. Ikithibitika kuwa haifai kabisa, betri yake ya lithiamu itolewe, na kadi isichomwe moto jaani: lehemu ya kadi za zamani ina risasi, na moshi wake hauchagui pua.